Historia ya Lorna Harju Zupancich, Aliyekataa Kuisoma Kadi

Mchungaji, ndugu wa ukoo wa Harju na wa Zupancich, majirani wa Pike Falls, wafanyakazi wa chuo, na ninyi nyote mliosukuma theluji milangoni mwenu asubuhi hii ili mfike hapa, familia imemteua mdogo wake marehemu, Arvid Harju, aisome historia hii, na kwa kuwa yeye mwenyewe yumo ndani yake, atajitaja kwa jina kama anavyowataja wengine, asije akajipendelea. Familia inawaomba radhi mapema wale waliokuja kusikia maneno matamu, maana marehemu hakuwa na duka la maneno matamu, na inaomba ieleweke tangu sasa kwa nini kibao cha shaba kilicholetwa na chuo siku ya Jumamosi hakipo hapa mbele karibu na maua. Kibao hicho kimeandikwa jina lake, kwa ajili ya kukiita chumba cha mitihani jina hilo, na chini ya jina kimeandikwa "Hapa hakuna anayefeli", na hayo ndiyo maneno ambayo Lorna aliyachukia kuliko maneno yote aliyowahi kuyatamka. Tukimzika na maneno hayo juu ya jina lake, tutakuwa tumemzika mtu mwingine.

Lorna Kaarina Harju alizaliwa Ijumaa tarehe 9 Machi 1956, katika kitongoji cha wachimbaji kando ya shimo la chuma la Pike Falls, kaskazini mwa Minnesota, akiwa mtoto wa kwanza wa Eino Harju, mchimbaji, na Saima Harju, mpishi wa shule, akabatizwa katika kanisa hili hili tarehe 8 Aprili mwaka huo, na inasemekana alilia tangu wimbo wa kwanza mpaka baraka ya mwisho, mchungaji wa wakati ule akafupisha mahubiri. Miaka mitano baadaye alizaliwa Arvid, na wazazi wakiwa kazini, Lorna ndiye aliyemfunga viatu, akamfundisha kusoma, kuteleza kwenye barafu na kutokubali kuonewa, ingawa somo hilo la mwisho mdogo wake hakulishika sawasawa.

Alianza shule ya msingi Septemba 1962, akamaliza sekondari ya Pike Falls tarehe 7 Juni 1974, akiwa wa nne katika darasa la wanafunzi mia moja na tisa, na hakuendelea mbele, si kwa kukosa akili bali kwa kukosa mtu wa kumwambia kwamba njia ipo. Mshauri wa shule alimwita mara moja tu katika miaka minne, akamwuliza, "Kupiga taipu unajua?", Lorna akajibu anajua, mshauri akasema, "Basi umeshapona, mwanangu," na ushauri ukaishia hapo, dakika tatu kwa kukadiria, na marehemu aliisimulia habari hiyo kwa hasira ile ile hadi uzee wake.

Tarehe 18 Juni 1977 alifunga ndoa na Rudolph Zupancich, tunayemwita Rudy, ambaye masikio yake aliyaacha mgodini na leo ameketi hapa mbele akisoma midomo ya msomaji, ndoa ya Mlutheri na Mkatoliki iliyosababisha bibi zetu wawili wasisalimiane mpaka Krismasi, kila mmoja akidai mkate wake wa sikukuu ndio mkate. Mungu aliwajalia watoto wawili, Kristiina, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1979, na Paul, aliyezaliwa tarehe 22 Septemba 1982, na wajukuu watano, wote wapo humu.

Kuhusu kazi, alikuwa karani wa daktari wa meno kuanzia Julai 1974, akasoma chuo cha jamii hapa mjini mwaka 1994 hadi 1996, mama mtu mzima akiketi na vijana wanaotafuna bazoka, akapata stashahada yake, na tarehe 1 Aprili 1998 chuo hicho kikamwajiri kuwa msimamizi wa chumba cha mitihani ya kupangia madarasa. Nusu ya watu waliomo humu wamepita katika chumba kile, kwa hiyo nusu yenu mnaijua kadi. Ilikuwa karatasi ya manjano iliyofunikwa kwa plastiki, ikining'inia kwa kamba kwenye meza ya msimamizi, na kila siku saa tatu asubuhi Lorna aliamriwa aisome neno kwa neno kwa kila aliyeketi mbele ya kompyuta, kwamba mtihani huu ni wa kukupangia madarasa tu, kwamba hauhitaji maandalizi, kwamba huwezi kuufeli, kwamba hapa hakuna anayefeli. Ilikuwa danganya toto, na waliokuwa wakidanganywa walikuwa watu wazima wenye nyumba na watoto. Mtihani ule ulifelika vizuri sana, ila aliyefeli hakuambiwa amefeli, alipewa ratiba, na kwenye ratiba hiyo madarasa yake ya hesabu yalianza na namba sifuri, na madarasa ya sifuri hayahesabiwi katika stashahada yoyote, unaweza kukaa humo mwaka na nusu, ukafaulu yote, na bado ukawa hujaanza chuo.

Siku ya Jumanne, tarehe 14 Agosti 2001, aliyeketi mbele ya kompyuta alikuwa Arvid Harju, fundi umeme wa mgodini kwa miaka ishirini na mmoja, aliyepunguzwa kazini mwezi Mei pamoja na wenzake mia nne, na kama wenzake alikuwa amepewa haki ya kusomeshwa kwa miezi ishirini na minne, isizidi hata siku moja. Alitaka stashahada ya mitambo ya umeme, asifanye tena kazi ya kungoja kufukuzwa. Lorna akasoma kadi, na alipomaliza, Arvid akamwuliza kwa sauti ya chini, "Dada, nisingerudi nyumbani nikapitie kidogo kwanza?" na Lorna, ambaye miaka mitatu ya kuisoma kadi ilikuwa imemfanya aiamini, akamjibu, "Kaa bwana, Arvid, huwezi kufeli, wanataka kujua ulipo tu." Nyumbani Arvid alikuwa ameacha paa la sauna, kile chumba cha kuogea mvuke wa moto wa kuni, nusu limepigiliwa bati na mawingu yanakusanyika, kwa hiyo aliufanya mtihani kwa dakika kumi na saba. Mtu aliyepiga hesabu za transfoma kichwani, akiwa juu ya ngazi katika baridi ya kukata masikio, alishindwa kugawanya sehemu kwa sehemu kwenye kioo, kwa sababu mara ya mwisho kuulizwa jambo hilo alikuwa na chunusi usoni, na kompyuta, ilipoona amekosa maswali matatu ya mwanzo, haikumwuliza tena chochote cha maana.

Alipewa ratiba. Hesabu za sifuri zilikuwa tatu, kila moja muhula mzima, ya tatu ikifundishwa kuanzia Agosti tu, na kozi ya umeme nayo ikipokea watu Agosti tu, kwa hiyo hata asiyejua kugawanya sehemu anaona wazi kwamba miezi ishirini na minne ya Arvid iliisha Agosti 2003, wiki moja kabla ya kozi ya umeme kupokea watu, na kwamba mtu huyo alisoma miaka miwili na hakuketi hata siku moja katika darasa la umeme. Tangu mwaka huo ameendesha gari la kaunti la kuondoa theluji barabarani, kazi halali, hakuna anayeidharau, lakini haikuwa kazi aliyoiendea chuoni.

Mwezi Oktoba 2001, akipanga kabati, Lorna alikuta kitabu cha maelekezo cha watungaji wa mtihani, na ndani yake ukurasa ambao katika nakala za wafanyakazi ulikuwa umenyofolewa, ukisema kila mwanafunzi ahimizwe kujiandaa, na kwamba akiomba anaruhusiwa kurudia mtihani baada ya wiki mbili. Alikwenda na ukurasa huo mkononi kwa mkuu wa huduma za wanafunzi, Bwana Whitcomb, ambaye leo ni mkuu wa chuo na ameketi safu ya tatu, na kama atakumbuka vingine basi atasahihisha baadaye kwenye kahawa. "Lorna," alisema Bwana Whitcomb, "tukiwaambia, watarudi wote." Lorna akasema, "Si ndiyo maana yake? Warudi." Akaambiwa, "Chumba kina kompyuta kumi na mbili," naye akajibu, "Basi wapange foleni, foleni walishaizoea mgodini." Alirudi ofisini humo mara nne, na mara ya nne wakachoka naye, wakamruhusu mtu mmoja tu arudie, mdogo wake, kimyakimya, kama upendeleo, Jumamosi tarehe 15 Desemba 2001, saa tatu asubuhi, na wakamtaka Lorna asiusambaze ukurasa ule. Kama Arvid angefaulu siku ile, angeruka sifuri zote na kuingia darasa la umeme Agosti 2002.

Linalofuata familia inalisikia leo kwa mara ya kwanza, na Arvid anaomba Kristiina na Paul wasikilize mpaka mwisho kabla ya kukasirika. Lorna alikwenda kwa Arvid na habari hiyo na rundo la mazoezi ya hesabu, akasimama mlangoni hata koti hajavua, na Arvid akamwambia, "Nenda kawaambie wenzako mimi si mtoto wa kurudishwa darasa." Lorna akasema, "Ni mimi niliyekudanganya, Arvid, niache basi nikusaidie." Arvid akamjibu, "Wewe si ulinisomea kadi? Kadi inasema sijafeli, basi sijafeli, funga mlango, baridi inaingia." Siku ya Jumamosi Arvid alikwenda ziwani, akatoboa barafu na kuvua samaki, na Lorna alifungua chumba cha mitihani, akawasha kompyuta moja, akakaa kuanzia saa tatu hadi saa sita, kisha akafunga akaenda nyumbani, na hakumwambia mtu. Kwa miaka ishirini na mmoja ukoo mzima umeamini kwamba chuo hakikumpa Arvid nafasi ya pili, na Arvid ameuacha uamini hivyo, na dada yake akabeba lawama yote peke yake mbele ya mama yao, mbele ya Rudy, mbele ya kila pasaka na kila mazishi.

Tarehe 7 Januari 2002, siku ya kwanza ya kazi baada ya sikukuu, Lorna aliigeuza kadi uso chini na hakuisoma tena. Badala yake alisimama mbele ya watu kumi na wawili akasema, "Mtihani huu unafelika, na ukifeli hawatakwambia, watakupa ratiba, kwa hiyo asiye tayari achukue karatasi hizi, aende nyumbani, arudi baada ya wiki mbili, na mkiulizwa nani kasema, semeni Lorna." Siku za Jumamosi jiko lake likawa darasa, kahawa ikichemka, mkate wa iliki mezani, wachimbaji, wahudumu wa mikahawa na akina mama walioachika wakigawanya sehemu kwa penseli fupi. Gordon Saarela, dereva wa malori mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja, alilalama humo siku moja akisema, "Mama Lorna, mitihani yangu ya maisha mimi nishaimaliza yote," akajibiwa, "Umebakiza mmoja, Gordon, na huo mkate usiuguse mpaka ugawanye." Gordon aligawanya, akarudia mtihani, akaruka sifuri zote tatu, na ndiye aliyefunga mitambo ya joto katika jengo hili mnalootea moto sasa hivi.

Kwa kazi hiyo alipewa barua tatu za onyo, tarehe 11 Machi 2002, tarehe 4 Novemba 2003 na tarehe 19 Januari 2006, zote zipo, familia haijachoma hata moja, na ya tatu ilimwondoa chumba cha mitihani na kumpeleka kwenye ushauri wa masomo, wakidhani wamemkomoa, kumbe wamempa viti viwili na mlango wa kufunga. Alisoma ushauri nasaha huko Duluth kwa masomo ya jioni, akahitimu tarehe 16 Mei 2009, na kwa miaka kumi na minne alikuwa mshauri wa wanafunzi mia tisa, kila mmoja kwa robo saa, ndivyo walivyopanga, naye akaigeuzia saa ya ukutani uso wake ukutani. Hakumwuliza mtu anataka kuwa nani maishani, alimwuliza, "Gari lako linawaka? Watoto anakaa nao nani? Zamu unatoka saa ngapi?", kisha ndipo akachukua kalamu, maana alisema ratiba isiyojua zamu ya mtu ni karatasi ya kuwashia sauna.

Mwaka 2020, mwezi wa Februari, chuo kiliufuta mtihani ule, na wafanyakazi wote wakapelekewa barua iliyokiri kwamba wengi waliopelekwa madarasa ya sifuri wangeyamudu madarasa ya kawaida tangu siku ya kwanza, na kwamba sasa "mazoea yamebadilika". Lorna aliisomea barua hiyo mezani kwake, akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mazoea," alisema, "kama theluji vile, imeyeyuka yenyewe, hakuna aliyeimwaga." Hakukuwa na pole hata moja katika barua ile, wala jina la mtu mmoja kati ya wale waliokaa humo miaka, na tarehe 30 Juni mwaka huo alistaafu bila kuaga.

Ndiyo maana kibao hakipo hapa. Familia ilimpigia simu Bwana Whitcomb kumwuliza maneno yale yametoka wapi, naye akajibu kwa upole kabisa, "Tuliwauliza watu wa zamani, wakasema ndiyo maneno aliyokuwa akiyasema kila asubuhi." Na ni kweli, aliyasema, miaka mitatu na miezi tisa, kwa kuamriwa, na hilo ndilo lililomla, kwamba mdomo ulikuwa wake. Alipoacha kuyasema mlimwandikia barua za onyo, na sasa, kwa kuwa hawezi kukataa, mnamrudishia mdomoni. Kibao kimo ndani ya gari la Arvid, kitarudi chuoni kesho, na chuo kikitaka kuandika jina lake mahali, kiandike majina ya watu wa madarasa ya sifuri, wote, na chini yao neno samahani, halafu jina la Lorna tutakuja kuliandika wenyewe.

Marehemu alianza kuumwa mgongo Septemba 2022, na tarehe 20 Oktoba madaktari wa Duluth wakagundua saratani ya kongosho, iliyokuwa imeshasambaa, akapata matibabu mpaka Krismasi, kisha akaomba yaishe, akarudi nyumbani kwake, kitanda kikawekwa sebuleni penye dirisha. Jumapili tarehe 29 Januari, alasiri, Rudy akiwa amelala kidogo, alimwambia mdogo wake aliyekuwa ameketi pembeni, "Arvid, ile asubuhi ya mtihani, uliniamini, eh? Umenisamehe au bado?" Arvid akatazama kikombe akasema, "Kahawa imepoa hii, ngoja nikaongeze." Akaenda jikoni, akasimama karibu na sinki muda mrefu kuliko kahawa yoyote inavyochemka, na aliporudi dada yake alikuwa amelala. Siku zilizofuata dawa ya maumivu ikaongezwa, maneno yakapungua, naye hakuuliza tena. Alifariki Alhamisi tarehe 16 Februari 2023, saa nane na dakika kumi mchana, akiwa na umri wa miaka sitini na sita, akiacha mgane, watoto wawili, wajukuu watano na mdogo mmoja, na kwa kuwa ardhi imeganda, mwili wake utahifadhiwa hadi Mei, ndipo utazikwa karibu na wazazi wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Duluth waliomweleza ukweli bila kumzungusha, wauguzi waliomhudumia nyumbani, majirani waliosafisha njia yake ya theluji kila alfajiri bila kubisha hodi, akina mama wa kanisa kwa chakula kilichoandaliwa ukumbini, wenzake wa kazini waliokuwa wakimpigia kopi zile karatasi za mazoezi mlango ukiwa umefungwa, mnajijua, na kila mwanafunzi aliyerudi baada ya wiki mbili. Karatasi iliyoandikwa inaishia hapa.

Dada, siku kumi na nane nilikuwa nazo za kukujibu, nikazimaliza kwenye sinki. Nilikuamini, ndiyo, na hukukosea kuliko nilivyokosea mimi, kwa sababu wewe ulidanganywa ukanidanganya, lakini mimi nilijua ukweli nikakuacha unakaa peke yako na kompyuta imewaka. Niliwakasirikia hawa wa chuo, na wanastahili, wala leo sijamaliza, ila wao walikuwa mbali, wewe ulikuwa karibu, nikakuchagua wewe. Hakukuwa na kitu cha kukusamehe. Pumzika sasa, Lorna Kaarina, na ile amani niliyokunyima uichukue yote.